Nina kurasa 14 za notsi kuhusu nyuki na mwalimu kanirudishia autilaini mara mbili, nianzie wapi?

Shikamoo Anti,

Naomba unisaidie maana hili jambo ninalo toka juzi na hata usingizi sipati vizuri. Tumepewa kazi ya kuandika ripoti kuhusu mdudu mmoja anayemfaa binadamu, kurasa 6, na kabla ya ripoti yenyewe mwalimu anataka kila mtu ampelekee kwanza muhtasari wa ripoti yake auone. Mimi nikachagua nyuki, nawapenda sana nyuki, nikasoma vitabu viwili vya maktaba na makala kibao za kwenye intaneti alafu nikawa naandika notsi mpaka zimefika kurasa 14 mbele na nyuma.

Sasa kwenye huo muhtasari ndo balaa. Mara ya kwanza niliandika ukurasa mmoja na nusu naeleza nyuki wanaishi wapi, wanakula nini, asali inatengenezwaje, mwalimu akaniambia hapana, huu ni ufupisho, nataka mpangilio. Nikarudi nikaandika hivi:

Utangulizi
Maana ya nyuki
Aina za nyuki
Maisha ya nyuki
Faida za nyuki
Hasara za nyuki
Hitimisho

Nayo ikarudi! Juu yake kaandika kwa wino mwekundu maneno matatu tu, "Unataka kusema nini?" Anti nililia kabisa, maana nataka kusema kuhusu nyuki, si ndo mada yenyewe?

Alafu kuna rafiki yangu ananiambia niache kuhangaika, niandike tu ripoti nzima alafu autilaini niitoe humo humo mwishoni, eti yeye ndo anavyofanya siku zote. Hiyo ni sawa au ni kumdanganya mwalimu? Na namba nitumie za Kirumi au hizi za kawaida, maana nimeona zote mbili. Kingine, kuna vitu vizuri mno nimevipata sitaki kuviacha, kama ile ngoma ya nyuki, na siku anazochukua kila nyuki mpaka anakuwa mkubwa, na yale maneno ya Einstein kwamba nyuki wakiisha binadamu wamebakiza miaka minne. Zimebaki siku 9 Anti.

Mwenye notsi nyingi


Marahaba mwanangu,

Pole sana. Ila nikwambie kitu kimoja kabla sijaenda mbali, kazi iliyo ngumu umeshaifanya. Kurasa 14 za notsi sio mchezo, wengi wanaoniandikia wanataka autilaini wakati hawajasoma hata ukurasa mmoja wa mada yao na hapo mimi sina la kuwasaidia.

Nianze na neno lenyewe maana nahisi ndo lilikuponza ile mara ya kwanza. Muhtasari kwa Kiswahili ni neno lenye kazi nyingi mno. Kikao kikiisha katibu anaandika muhtasari wa kikao, mwalimu anafundisha kwa kufuata muhtasari wa somo, ukifupisha habari ndefu nao wanauita muhtasari, alafu leo unaambiwa lete muhtasari wa ripoti ambayo hata haijaandikwa. Kwahiyo ulipoandika ufupisho hukukosea kwa uzembe, neno lilikuelekeza njia nyingine. Ufupisho unatoka kwenye kitu kilichokwisha andikwa. Anachotaka mwalimu wako ni mifupa ya kitu ambacho bado, kitakachosemwa kwanza, kitakachofuata, na kwa nini kifuate hapo. Mimi humu nitaita autilaini tusichanganyane tena.

Sasa tuje kwenye ule wino mwekundu. Najua ulikuuma, lakini naomba uusome upya taratibu, maana hakuandika "mbaya" wala "rudia", kakuuliza swali, na swali lenyewe ndo msaada mkubwa kuliko wote aliokuwa anaweza kukupa kwa maneno matatu. Jaribu hivi. Chukua ile orodha yako ya vichwa saba, futa neno nyuki kila lilipo, weka ng'ombe. Maana ya ng'ombe, aina za ng'ombe, maisha ya ng'ombe, faida, hasara. Umeona? Hakuna kilichoharibika. Weka mbu, weka mkonge, weka simu, bado inaenda tu. Autilaini ambayo unaweza kubadilisha mada yake na isigutuke maana yake haijasema chochote kuhusu mada hiyo, na hapo ndo mwalimu alipokuuliza unataka kusema nini. Nyuki ni mada. Mada ni kile unachokizungumzia, sio kile unachokisema juu yake, na hivi vitu viwili watu wazima wenye digrii zao bado wanavichanganya.

Kwahiyo leo jioni fanya jambo moja tu. Funga daftari la notsi, liweke mbali kabisa usilione, chukua karatasi tupu alafu ujiulize: mtu akimaliza kusoma ripoti yangu atakuwa amekubali nini ambacho mwanzo alikuwa hakijui au alikuwa anakibishia? Andika jibu kwa sentensi moja. Moja. Itakuwa mbaya mara ya kwanza, andika nyingine chini yake, na nyingine. Nakwambia ufunge daftari kwa sababu ukiwa unaangalia notsi utataka sentensi ibebe kila kitu, ila ukiwa huzioni kinachobaki kichwani ndo kile kilichokugusa kweli.

Alafu rudi kwenye swali la kazi lenyewe. Wamesema mdudu "anayemfaa binadamu", hawakusema nieleze mdudu yeyote kila kitu chake. Kwahiyo sentensi yako lazima igombanie hapo kwenye kufaa. Darasa zima waliochagua nyuki watasema asali, na asali ni kweli, lakini kwa hayo uliyosoma nadhani wewe unaweza kusema kitu kizito zaidi. Nakupa mfano, usiuchukue kama ulivyo, tengeneza wako: Nyuki anamfaa binadamu zaidi kwa uchavushaji, yaani kubeba chavua (ule unga wa maua) kutoka ua hadi ua, kuliko kwa asali, kwahiyo nyuki wakipungua anayeumia sio mfugaji nyuki peke yake. Hiyo sentensi mtu anaweza kuibishia, na kama inabishiwa basi ina kazi ya kuthibitishwa, na kazi ya kuthibitisha ndo inakupa mpangilio bila wewe kuulazimisha.

Ukishapata sentensi, ndo notsi zinafunguliwa. Wengi hapa wanakosea wanasoma notsi kuanzia ukurasa wa kwanza wanaanza kupanga kwa jinsi walivyoandika, yaani mpangilio unakuwa wa kitabu walichokisoma, sio wa kwao. Wewe kata karatasi ziwe vipande vidogo, kila jambo moja kipande chake, kwa maneno machache, na pembeni namba ya ukurasa wa notsi uliotoka ili baadae usihangaike kutafuta. Vitandaze sakafuni. Kila kimoja ukiokote ukiulize, unaisaidia ile sentensi yangu kusimama? Kinachosaidia kinabaki, kinachogombana nayo pia kinabaki, tena hicho ni muhimu sana nitakueleza, na kisichohusika weka kwenye bahasha ya pembeni. Usitupe. Vilivyobaki visogeze vinavyofanana vikae pamoja mpaka upate mafungu manne au matano, sio kumi, kwa kurasa 6 mafungu kumi kila moja litapata aya moja kavu tu.

Fungu nalo usilipe jina, lipe sentensi. Ukiandika "Faida" umeandika lebo, ila ukiandika "mazao mengi yanamtegemea nyuki, ila sio yote" hapo umesema neno na mwenye kusoma anajua kitakachofuata. Kwa mfano wangu ule ingekuwa hivi:

1. Mimea mingi haizai vizuri mpaka chavua itoke ua moja ifike lingine.
   a. chavua inatoka kwenye stameni (sehemu ya kiume ya ua) inafika kwenye stigma (ncha ya sehemu ya kike)
   b. mingine inabebewa na upepo, mingine lazima mnyama aje
2. Mwili wa nyuki na tabia zake vinamfanya mchavushaji hodari.
   a. manyoya yake yananasa chavua
   b. kwenye safari moja hupenda kung'ang'ania aina moja ya ua
   c. akipata maua mengi anaenda kuita wenzake kwa ngoma
3. Kwahiyo mazao mengi yanamtegemea, ila sio yote.
   a. mazao 87 kati ya 115
   b. ngano, mpunga na mahindi hazimo
4. Nyuki anaumizwa na mambo kadhaa kwa wakati mmoja.
   a. varroa (utitiri unaomshambulia nyuki)
   b. dawa za kuua wadudu
   c. maua ya porini kupungua
5. Kumlinda nyuki kunaanzia shambani.
   a. Umoja wa Ulaya mwaka 2018
   b. ???

Sasa soma zile sentensi tano peke yake, bila herufi za chini, kwa sauti, na katikati yake jaribu kuweka maneno ya kuunganisha. Kama yanakubali "kwahiyo", "lakini", "kwa sababu", "ndo maana", basi zimeshikana na huwezi kuhamisha moja bila nyingine kulalamika. Ila kama neno pekee linalokubali ni "pia" na "vilevile" na "pia tena", hapo huna mpangilio una lundo, unaweza kulichanganya kama karata na hakuna atakayejua. Hicho kipimo nakiamini kuliko vyote na kinachukua dakika mbili.

Angalia hiyo namba 3 maana ndo nilisema nitakueleza kuhusu vitu vinavyogombana na wewe. Kuna utafiti wa mwaka 2007 ulipitia mazao makuu ya chakula duniani 115 ukakuta 87 yanategemea wanyama wachavushaji kwa kiwango fulani, kikubwa au kidogo. Ni namba nzuri sana kwako. Lakini utafiti huo huo unasema ukipima kwa uzito, kama asilimia 60 ya chakula kinachozalishwa kinatoka kwenye mazao ambayo hayahitaji mnyama, na hapo ndo ilipo ngano, mpunga na mahindi, vinavyojichavusha vyenyewe au vinavyotumia upepo. Alafu wachavushaji sio nyuki peke yao, wamo vipepeo, nzi, ndege mpaka popo. Mwanafunzi mwoga anaficha hiyo sehemu ya pili. Wewe iweke wazi kwenye autilaini, maana ukiiweka unalazimika kuwa sahihi, huwezi tena kuandika kwamba chakula chote kitaisha, utaandika kwamba matunda na mboga za aina nyingi zitapungua na mlo wa watu utakuwa hafifu. Hiyo ni kauli ndogo kidogo lakini haivunjiki.

Na hapo hapo ndo anapotoka Einstein. Mwanangu, ile kauli ya miaka minne inazunguka kila mahali lakini hakuna ushahidi kwamba aliwahi kuisema, haipo kwenye maandishi yake, na tena inagombana na hizo asilimia 60 nilizokutajia sasa hivi. Itoe. Sio kwenye bahasha, itoe kabisa.

Ngoma ya nyuki ni habari nyingine na nakuelewa kwa nini hutaki kuiacha. Nyuki kibarua anarudi mzingani, anacheza juu ya sega, anatikisa tumbo kwenye mstari ulionyooka alafu anazunguka anarudia kama anachora namba 8, na ule mstari jinsi ulivyoinama ndo unaonesha maua yako upande gani ukilinganisha na jua, na muda anaotikisa unaonesha umbali. Mwanasayansi Karl von Frisch ndo aliyeisoma lugha hiyo na mwaka 1973 akapata tuzo ya Nobel pamoja na Konrad Lorenz na Nikolaas Tinbergen. Swali sio kama ni nzuri, swali ni inafanya kazi gani kwenye sentensi yako. Na inayo kazi! Kwa sababu ya ngoma, nyuki mmoja akigundua shamba lililochanua hawaji wawili watatu, linakuja jeshi, na hiyo inaeleza kwa nini ni mchavushaji hodari. Ndo maana nimeiweka 2c. Ukiiandika chini ya "Maisha ya nyuki" ingekuwa pambo, hapo ilipo sasa ni ushahidi, maneno yale yale.

Ila zile siku za kukua, malkia 16, kibarua 21, dume kama 24, nimezizungusha kila upande sijapata pa kuziweka. Ni kweli na zinapendeza, lakini haziinui sentensi hata kidogo. Bahasha. Najua inauma kuacha kitu ulichokitafuta mwenyewe usiku, lakini ripoti ya kurasa 6 ikibeba kila ulichosoma inakuwa daftari la notsi lililopigwa pasi. Na bahasha haipotei, mwakani ukipewa kazi ya mzunguko wa maisha ya wadudu unayo tayari.

Zile alama za kuuliza kwenye 5b nimeziacha makusudi. Hapo nina kipande kimoja tu, kwamba mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulizuia dawa tatu za kuua wadudu, za kundi linaloitwa neonikotinoidi, zisitumike tena kwenye mashamba ya wazi, na sina cha pili. Hii ndo faida ya autilaini ambayo watu hawaisemi, inakuonesha shimo wakati bado una siku 9, sio usiku wa mwisho. Mafungu mengine yatakuwa na vipande tisa na jingine kimoja. Hapo una njia mbili, urudi maktaba utafute cha pili, au uvunje fungu hilo ulichanganye na namba 4. Kuna kanuni ya zamani kwamba ukiwa na a lazima uwe na b, wengine wanaiona ya kibabe, mimi naipenda kwa sababu kitu hakigawanyiki kikabaki kimoja.

Andika pia pembeni ya kila namba kurasa unazoipa. Utangulizi nusu, fungu la 1 nusu, la 2 moja na nusu, la 3 moja na robo, la 4 moja na robo, la 5 robo tatu, mwisho robo. Utaona mara moja kama umelipa fungu dogo nafasi kubwa kwa sababu tu unalipenda. Utangulizi na hitimisho usivihangaikie sasa, kwenye autilaini weka tu ile sentensi kuu kwenye utangulizi, mengine utayaandika ukishamaliza katikati, huwezi kumtambulisha mgeni ambaye wewe mwenyewe bado hujakutana nae.

Namba, za Kirumi au za kawaida, yoyote ile mradi usibadilishe njiani. Mwalimu akiwa na anachopendelea mfuate.

Rafiki yako sasa. Hamdanganyi mtu, kuna waandishi wazuri kabisa wanaofikiri kwa kuandika kwanza. Ila nadhani hajakwambia yote, kwamba ukiandika kwanza lazima baadae ubomoe, na kwa mwenye kurasa 14 za notsi nakuhakikishia rasimu yako ingefika kurasa 11 na ungekuwa unalia tena. Kwako autilaini itangulie. Njia yake itakufaa siku ya saba, ukiwa na rasimu mkononi, hapo pita kila aya na pembeni yake andika sentensi moja, hii aya inasema nini. Zile sentensi za pembeni ziandike kwenye karatasi moja uzilinganishe na autilaini ya mwanzo. Aya ambayo umeshindwa kuiandikia sentensi haijui inasema nini, na aya mbili zenye sentensi moja ni aya moja. Kama rasimu imeenda njia nyingine na ni nzuri zaidi basi autilaini ndo ibadilike, sio amri hiyo, wewe ndo uliyeiandika.

Leo sentensi, kesho vipande vya karatasi, keshokutwa asubuhi mpelekee mwalimu ukurasa mmoja tu. Juu kabisa, kabla ya namba 1, iwepo ile sentensi kuu imeandikwa peke yake, ili swali lake la wino mwekundu alikute limeshajibiwa kabla hajashika peni.

Anti yako